Safari ya London na Nairobi: Maili ni Zile Zile, Siku Zimekwenda Wapi?

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima: Historia

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na kiongozi wenu ametundika ramani ya dunia mahali ambapo kila mtu aweza kuiona. Kwa somo la leo twahitaji pia chungwa moja na kipande cha uzi. Tafadhali, chungwa hilo lisiliwe kabla ya somo kwisha.

Nitaanza kwa swali jepesi. Kutoka London mpaka Nairobi ni mbali kiasi gani? Mkiwauliza watu watatu mtapata majibu matatu. Wa kwanza, aliyesoma jiografia, atasema, "Ni kilomita 6,840, yaani kama maili 4,250." Wa pili, ambaye mwanawe yuko masomoni Uingereza, atasema, "Ni usiku mmoja tu. Alipanda ndege baada ya chakula cha jioni, na asubuhi akanipigia simu kwamba amefika." Wa tatu, aliyepokea habari za zamani kwa babu yake, atasema, "Ilikuwa majuma matatu kwa meli, kisha ikawa juma moja kwa ndege." Wote watatu wamesema kweli. Hata hivyo hakuna mtu aliyeisogeza Nairobi hata hatua moja, wala London haikutoka mahali pake.

Basi kazi yetu leo ni hii: maili ni zile zile, je, siku zimekwenda wapi? Watu wengi hujibu upesi, "Ndege za siku hizi zina mbio." Jibu hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili tutaitafuta pamoja.

UZI JUU YA CHUNGWA

Kwanza tupime ardhi. Ramani iliyo ukutani ni bapa, lakini dunia ni mviringo, kwa hiyo rula yaweza kutudanganya. Kiongozi wa kikundi, twaa chungwa. Kikonyo chake kiwe ncha ya kaskazini. Tia alama moja ya kalamu katikati ya tumbo la chungwa, penye Ikweta: hiyo ni Nairobi. Tia alama ya pili juu zaidi, upande wa kushoto: hiyo ni London. Sasa nyosha uzi kutoka alama moja mpaka ya pili, uukaze. Uzi uliokazwa hushika njia iliyo fupi kuliko zote. Wapimaji hufanya hesabu ya uzi huo, na kati ya kiwanja cha Heathrow na kiwanja cha Jomo Kenyatta jibu lake ni kilomita 6,840 hivi.

Ukiufuata uzi huo toka London, wapita juu ya Ufaransa, milima ya Alps, Italia, bahari ya Mediteranea, jangwa la Libya, Sudan na Sudan Kusini, kisha waingia Kenya upande wa Turkana. Yashikeni majina hayo, maana tutarudi kwake. Uzi haujui mpaka wa nchi, wala dhoruba, wala vita. Rubani hana budi kuvijua vyote vitatu, na ndiyo sababu njia ya ndege huwa ndefu kuliko uzi.

SIKU 45, LAKINI SAA 109 TU ANGANI

Mwezi wa Februari 1929, Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jomo, alitumwa na Kikuyu Central Association apeleke London malalamiko ya watu juu ya ardhi yao. Alipanda meli Mombasa, akafika London mwezi wa Machi, yapata majuma matatu baadaye. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida: Mombasa, Bahari ya Shamu, mfereji wa Suez, Mediteranea.

Walakini wakati huo eropleni zilikuwa zimekwisha kupita juu ya Afrika. Mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la anga la Uingereza lilipeleka vikundi vya wapimaji kutengeneza viwanja toka Misri mpaka Afrika Kusini. Kiwanja siku hizo hakikuwa na lami wala taa. Kilikuwa uwanda uliofyekwa, ukasawazishwa. Kule Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mamia ya watu walifanya kazi kwa miezi, wakikata miti na kuvunja vichuguu, wakibeba udongo kwa mikono yao. Vitabu hutaja marubani kwa majina. Watu hao hawatajwi. Lakini bila jembe lao hakuna eropleni ambayo ingalitua.

Tarehe 4 Februari 1920, marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka karibu na London kwenda Cape Town. Ndege yao ya kwanza ilivunjika Korosko, kusini ya Misri. Wakapewa ya pili. Hiyo ikaanguka Bulawayo ilipojaribu kupaa. Wakapewa ya tatu, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Safari nzima ilichukua siku 45.

Sasa twaeni karatasi. Siku 45 ni sawa na saa 1,080. Marubani hao walikuwa angani kwa muda wa saa 109 na nusu tu. Gawanyeni, mtaona kwamba katika kila saa kumi za safari, walikuwa wakiruka kwa saa moja, na saa tisa walikuwa chini: wakitengeneza injini, wakingoja ndege nyingine, wakingoja kuche. Iandikeni hesabu hiyo. Ni ufunguo wa somo la leo.

JUMA MOJA, MWAKA 1932

Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzishwa mwaka 1924. Tarehe 28 Februari 1931 lilianza safari ya kila juma kutoka kiwanja cha Croydon, London, mpaka Mwanza, na barua ilichukua kama siku kumi. Mwezi wa Januari 1932 njia hiyo ikafika Cape Town kwa barua, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo abiria wakaruhusiwa kwenda nayo mpaka mwisho. London mpaka Cape Town ilikuwa siku 11. Mpaka Nairobi yapata juma moja.

Tumfuate abiria huyo. Kutoka Croydon aliruka mpaka Paris. Paris alishuka, akapanda gari la moshi mpaka Brindisi, kusini ya Italia. Brindisi alipanda ndege ya majini, yaani ndege yenye tumbo la mashua, iliyompeleka Athens na kisha Alexandria. Alexandria alishuka tena, akapanda gari la moshi mpaka Cairo. Cairo alipanda ndege ya nchi kavu, akafuata Nile kupitia Luxor, Aswan na Wadi Halfa mpaka Khartoum. Khartoum akabadili tena, akapanda ndege ya majini iliyopita Malakal na Juba mpaka Ziwa Victoria, akatua Port Bell na Kisumu. Kisumu akabadili mara nyingine, akaingia ndege ya nchi kavu iliyokwenda Nairobi. Wale waliokuwa wakiendelea kusini walitua Moshi, Dodoma na Mbeya, na vituo vingine vingi mpaka Cape Town.

Mmehesabu mara ngapi alishuka na kupanda? Tena kila jioni ndege ilitua, abiria wakalala katika nyumba ya wageni au katika mashua iliyotengenezwa iwe hoteli, wakaamshwa alfajiri.

Sasa tufanye hesabu ya pili. Ndege kubwa ya nchi kavu ya shirika hilo ilikwenda mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Gawanyeni kilomita 6,840 kwa 160. Mtapata kama saa 43. Yaani kama eropleni ile ya mwaka 1932 ingaliweza kushika uzi wetu bila kutua, ingalifika Nairobi kwa muda usiotimia siku mbili. Lakini juma moja ni saa 168. Tuwaongezee saa kadhaa kwa kuwa njia yao ilizunguka kuliko uzi. Bado tunaona kwamba siku nne au tano za safari ile zilikwisha chini, wala si angani.

Basi hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu. Safari ya zamani ilikuwa ndefu kwa sababu ndege ilitua, zaidi ya kuwa ndege ilikwenda polepole.

KWA NINI WALITUA?

Msiwadhanie marubani wa zamani kuwa wavivu. Walikuwa na sababu nne za kutua.

Sababu ya kwanza ni mafuta. Tangi lilikuwa dogo, na ndege iliweza kwenda kama kilomita 800 tu kabla ya kujazwa tena. Kwa hiyo kila baada ya hatua hiyo palihitajiwa kiwanja, mapipa ya petroli, fundi na mlinzi.

Sababu ya pili ni giza. Rubani alifuata Nile kwa macho yake kama dereva afuatavyo barabara. Jua likizama, barabara yake imefichika. Viwanja vingi havikuwa na taa, na redio za siku hizo hazikuweza kumwongoza kama za leo.

Sababu ya tatu ni mipaka ya nchi. Kwa nini abiria alitolewa angani Paris akatiwa katika gari la moshi? Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba Serikali ya Italia na Uingereza hazikupatana juu ya ndege za Kiingereza kupita katika anga la Italia. Mabawa yalikuwapo, ruhusa haikuwapo.

Sababu ya nne ni nchi yenyewe. Mahali pengine palifaa ndege za magurudumu, pengine palifaa ndege za majini. Kusini ya Malakal kuna kinamasi kikubwa cha Sudd, ambapo ndege ya magurudumu haina pa kutua ikipata shida. Ndege ya majini ingaliweza kushuka mtoni. Kwa hiyo abiria alikuwa akibadilishwa kama mzigo utokao mabegani mwa mtu ukatiwa kichwani mwa mwingine.

Mkizishika sababu hizo nne, mtaweza kueleza historia yote iliyofuata. Kila mara sababu moja ilipoondolewa, siku moja au mbili ziliondoka pamoja nayo.

MAJI YAWA KIWANJA

Mwaka 1937 Imperial Airways lilileta ndege mpya za majini zilizokwenda kama kilomita 260 kwa saa. Abiria alipanda Southampton, akakaa katika ndege za namna moja njia nzima. Gari la moshi likaondolewa. Ndege zile zilitua Port Bell na Kisumu, kisha zikateremka pwani mpaka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikaendelea Msumbiji mpaka Durban. Watu walikwenda ufukweni kuitazama ndege ikipasua maji kama jahazi.

Mwaka huohuo ulianzishwa mpango wa barua katika makoloni ya Uingereza: barua ya kawaida ikapelekwa kwa ndege bila kulipiwa nyongeza. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa watu wadogo. Mtu mwenye mshahara wa kawaida hakuweza kununua tiketi ya ndege, lakini aliweza kununua stempu. Mwili wake ulibaki Kisumu au Lindi; neno lake lilikwenda angani.

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, ndege za majini ziliendelea miaka michache tu. Wakati wa vita viwanja vikubwa vya nchi kavu vilikuwa vimejengwa mahali pengi, na ndege za magurudumu zilikuwa zimepata matangi makubwa. Maji hayakuwa na faida tena. Shirika la BOAC, lililochukua kazi ya Imperial Airways, liliacha ndege za majini mwezi wa Novemba 1950.

Tazameni tofauti. Tarehe 31 Januari 1952, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliondoka London kwa ndege aina ya Argonaut yenye injini nne za pangaboi. Kesho yake, tarehe 1 Februari, alishuka kiwanja cha Eastleigh, Nairobi. Juma limekuwa siku moja, na ndege hiyo haikuwa na injini ya jeti. Ilikuwa na matangi makubwa, redio nzuri, na uwezo wa kuruka usiku.

JETI YAJA, YAANGUKA, YARUDI

Tarehe 2 Mei 1952, BOAC lilituma ndege ya Comet yenye abiria 36 kutoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wenye kulipa nauli katika ndege ya jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kwa muda usiotimia saa 24. Iliruka juu sana, kupita mawingu na dhoruba nyingi, na ndani yake hewa ilishindiliwa ili watu wapumue vizuri.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari ambayo watu hawakuijua. Kila ndege ipaapo, ile hewa ya ndani husukuma ukuta wa ndege kwa nguvu. Kila itakapotua, nguvu hiyo hulegea. Ukikunja kipande cha waya mara moja hakivunjiki, lakini ukikikunja na kukikunjua mara nyingi hukatika. Vivyo hivyo ukuta wa Comet ulichoka. Mwezi wa Januari 1954 ndege ile ile iliyokwenda Johannesburg mara ya kwanza ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Mwezi wa Aprili Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples, wakafa 21. Ndege hizo zikazuiwa kuruka mpaka wataalamu walipogundua sababu. Nchi zote zilijifunza kwa msiba huo, na ndege tunazopanda leo hujengwa na kukaguliwa kwa kufuata somo hilo. Saa tunazozipata zililipiwa.

EMBAKASI

Ndege kubwa zilihitaji njia ndefu na ngumu ya kurukia, na Eastleigh haikutosha. Kiwanja kipya kilijengwa katika uwanda wa Embakasi, kikafunguliwa na Gavana Evelyn Baring mwezi wa Mei 1958. Wengi wa waliokichimba ni watu waliotiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Hawakuchagua kazi hiyo. Mtu anayesafiri leo anapita juu ya jasho lao, na ni haki ajue. Mwaka 1978 kiwanja hicho kilipewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alikuwa kifungoni wakati kilipofunguliwa.

Nairobi iko juu, kama meta 1,620 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa ya mchana wenye jua ni nyepesi zaidi. Mabawa hushika hewa nyepesi kwa shida, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo ndege ya Nairobi yahitaji njia ndefu, au mzigo mdogo, au baridi ya usiku. Hiyo ni sababu moja inayofanya ndege nyingi za Ulaya kuondoka Nairobi usiku. Ndege aina ya VC10 ilibuniwa makusudi kwa viwanja vya namna hiyo, vya juu na vya joto.

East African Airways, shirika la nchi zetu lililoanzishwa mwaka 1946, lilianza kwenda London mwaka 1957 kwa Argonaut. Mwaka 1960 lilipata Comet za aina mpya, na mwaka 1966 likapata Super VC10. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikashika njia yake. Lakini lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba njia ya London haikuwa ya Waingereza peke yao.

Mwaka 1960 wajumbe wa Kenya walikwenda kwa ndege katika mkutano wa Lancaster House, London, kujadili katiba ya nchi yao. Mkumbukeni Kenyatta wa mwaka 1929, aliyekaa majuma matatu baharini, na ambaye barua yake kwa watu wa nyumbani iliwafikia baada ya majuma mengine. Mwenye kufika upesi aweza kujibu upesi. Wakati safari ilipokuwa ndefu, neno la Gavana lilitangulia kwa simu ya waya, na neno la wananchi likafuata kwa meli. Ndege haikuleta uhuru. Watu ndio walioudai. Lakini iliwaondolea watawala ile faida ya kusikilizwa kwanza.

JE, TIKETI HUSEMA KWELI?

Leo ndege ya moja kwa moja kutoka London hufika Nairobi kwa muda wa saa nane na nusu hivi, na kurudi ni karibu saa tisa. Lakini msomaji wa tiketi yampasa kuwa mwangalifu. Tuchukue mfano. Tiketi yasema: kuondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, kufika London saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtu akihesabu kwa vidole atasema, "Safari ni ya saa sita." Amekosea. Saa iliyoandikwa ya kuondoka ni ya Nairobi, na saa ya kufika ni ya London. Wakati wa baridi kule, Nairobi iko mbele ya London kwa saa tatu. Ongezeni tatu juu ya sita, mtapata tisa: huo ndio muda alioketi ndani ya ndege. Akirudi yampasa kutoa badala ya kuongeza. Na katika miezi ya joto, Waingereza husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa saa mbili.

Kuna jambo la pili: upepo. Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways lilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York, kilomita 11,840 hivi. Kwenda kulipangiwa saa 15, na kurudi saa 14, ingawa uzi ni mmoja. Juu kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani huupinga, na irudiyo husukumwa nao. Wanafunzi 81 waliokwenda Marekani mwezi wa Septemba 1959, kwa mpango wa Tom Mboya na marafiki zake, hawakuwa na njia hiyo. Ndege yao ilitua njiani mara kwa mara kabla ya kuiona New York.

Na jambo la tatu ni vita. Mwezi wa Aprili 2023 vita vilizuka Sudan, na anga la nchi hiyo likafungwa. Tazameni tena chungwa lenu: uzi wapita juu ya Sudan. Ndege za Ulaya na Afrika Mashariki zikalazimika kuzunguka, na kila mzunguko ukala mafuta na dakika. Ile sababu ya tatu ya mwaka 1932, yaani ruhusa ya kupita, haijafa.

WALIORUKWA

Kabla ya kufunga, tuwakumbuke wale ambao ndege iliacha kutua kwao. Wadi Halfa, Malakal, Juba na Kisumu zilikuwa vituo vya njia kuu ya dunia. Fundi alipata kazi pale, mwenye duka aliuza mayai na maji, mtoto aliuona mfuko wa barua za Ulaya ukiteremshwa. Abiria naye aliwaona watu hao, angalau kwa saa moja. Kisha matangi yakawa makubwa, na ndege ya London na Nairobi ikapita juu yao, kilomita kumi kwenda juu, usiku, madirisha yakiwa yamefunikwa. Mji wa kale wa Wadi Halfa haupo hata kidogo. Maji ya bwawa la Aswan yaliufunika miaka ya 1960. Kisumu ina kiwanja kizuri, lakini abiria wa Ulaya hana haja ya kukesha pale.

Hatusemi kwamba ingalikuwa bora tuendelee kusafiri juma zima. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa na mtoto anayerudi kumzika mzazi wake wana haki ya kushukuru kwa saa nane na nusu. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza, kila jambo linapofupishwa, ni nani aliyekuwa katikati. Tena amwulize yule asiye na nauli wala viza. Kwake huyo saa nane na nusu hazina maana. Kwake London haijasogea.

MUHTASARI

Umbali kati ya viwanja viwili una vipimo vitatu. Kipimo cha uzi hakibadiliki. Kipimo cha njia hubadilika kwa mafuta, hali ya hewa, mipaka na vita. Kipimo cha saa hubadilika kwa mbio za ndege, na zaidi kwa idadi ya mara ambazo ndege hutua. Safari ya London na Nairobi ilikuwa majuma matatu mwaka 1929, juma moja mwaka 1932, siku moja mwaka 1952, na sasa ni usiku mmoja. Nyuma ya kila punguzo kuna watu: waliovunja vichuguu, waliochimba Embakasi, na waliokufa katika Comet.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ndege yenda mwendo wa kilomita 900 kwa saa. Kwa kilomita 6,840 itachukua muda gani? Kwa nini muda wa tiketi ni mrefu kuliko jibu lenu?

2. Ndege yaondoka London saa nne asubuhi, wakati wa baridi, na safari ni ya saa nane na nusu. Itafika Nairobi saa ngapi kwa saa ya Nairobi?

3. Tajeni sababu nne zilizofanya ndege za mwaka 1932 zitue mara nyingi. Ni zipi zimekwisha, na ni ipi ingalipo?

4. Katika wilaya yenu, je, kuna mji au soko lililorukwa baada ya barabara mpya, reli au daraja kujengwa? Waulizeni wazee, mkaandike majibu yao.

Majibu ya swali la kwanza na la pili mtayapata mwanzoni mwa somo lijalo. Kwa sasa chungwa laweza kumenywa. Kwaherini.